Siku Bi Gulugulu Alipohama

"Sikupeleki, Mama. Nimeshasema sikupeleki, na bajaji siiti."

"Basi nitakwenda kwa miguu."

"Kutoka hapa Mlingotini mpaka Bagamoyo mjini? Kwa mguu huo?"

"Mguu huu ndio wenye jina," mama yangu akasema. Akaunyoosha mguu wake wa kushoto, ule unaochechemea, akauangalia kama mtu anayeangalia bangili mpya. "Watoto wa hapa wanaujua mguu wangu kuliko wanavyokujua wewe na diploma yako. Jana nimekwenda dukani kwa Dadi kununua sukari, wamenifuata njia nzima, wote wanachechemea. Walipendeza kama gwaride."

"Walikuwa wanakucheka."

"Na mimi nilikuwa nacheka. Tatizo liko wapi?"

Tulikuwa barazani tangu chai ya asubuhi, yeye kwenye mkeka, mimi mlangoni na ndoo ya chakula cha samaki mkononi, na ugomvi wetu ulikuwa haujapiga hatua hata moja. Nilikuwa na kazi inanisubiri. Lakini sikutaka kuondoka kabla hajasema sawa, na mama yangu, Bi Esha, hajawahi kumwambia mtu sawa.

Ugomvi wenyewe ulihusu bata mzinga.

Mwanangu Ibrahimu anachora katuni. Anakaa Dar, yeye na wenzake wamepanga chumba, na katuni yao inaitwa Kidimbwi. Inaonyeshwa kwenye televisheni siku za mapumziko na kwenye simu siku zote. Humo kuna vyura, kaa, mjusi na kiluwiluwi mmoja mdogo mwenye macho makubwa, na wote wanaishi kando ya kidimbwi cha maji ya mvua. Kuna pia bata mzinga anayeitwa Bi Gulugulu. Huyu ni kero. Anaingia nyumba za watu bila hodi. Anauliza maswali, na kabla hujajibu la kwanza ameshauliza la tatu. Umekula? Umelala? Mbona umekonda? Hilo shati umelifua? Nani alikuwa amekaa hapa? Sauti yake inatoka puani, na anayeitoa ni Ibrahimu mwenyewe.

Watoto wanampenda kwa sababu ni kero. Mimi nilimchukia kwa sababu anachechemea mguu wa kushoto, anajifunga leso nyekundu yenye michoro ya mkeka, ushungi ameubana chini ya kidevu kwa pini kubwa, na shavu moja limevimba tambuu. Hakuna mtu Mlingotini aliyehitaji kuambiwa. Siku ya kwanza tu, jirani alipita uani kwetu akipiga kelele, "Bi Esha! Mjukuu wako amekutoa kwenye televisheni!"

Na sasa kulikuwa na hii sehemu mpya, ambayo kila mtu aliizungumzia, hata wanaume kwenye kahawa: siku Bi Gulugulu alipohama. Ibrahimu na wenzake walikuwa wameileta mjini Bagamoyo, waionyeshe leo alasiri kwenye ukumbi, juu ya kitambaa kikubwa, watoto waje bure. Alimpigia bibi yake kumwalika.

Mimi hakunialika.

"Amekuchora ndege," nikamwambia mama. "Ndege mwenye ngozi nyekundu inayoning'inia shingoni."

"Kwani yangu haining'inii?"

"Wanamfukuza, Mama. Wanamtengenezea chelezo cha magogo, wanamsukuma aende zake, halafu wanapiga makofi. Ukumbi mzima utakugeukia."

"Nitasimama niwapungie." Akatafuna tambuu yake bila haraka. "Mwanabaraka, sikiliza. Mimi na Ibrahimu ni watani. Tangu alipoanza kusema ananiita kibogoyo, na mimi namwita mume wangu asiyejua kuoga. Mjukuu asiyemtania bibi yake ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Kama angekuchora wewe, hapo ningeita ukoo mzima tukakaa. Mtoto hamchezei mama yake. Lakini mimi? Mimi ni haki yake. Na nitamjibu, subiri tu. Nimeshamtungia maneno."

"Mimi hawezi kunichora," nikasema. "Hathubutu."

"Ndiyo hivyo. Basi niitie bajaji."

Nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Nieleze jambo moja, nisieleweke vibaya. Nilimpeleka Ibrahimu chuo cha uvuvi, palepale niliposoma mimi, nikapata diploma ya ufugaji wa viumbe wa majini, na diploma hiyo ndiyo iliyochimba mabwawa yangu ya samaki wa mwatiko. Hakumaliza hata mwaka. Aliniambia anataka kuchora. Nikamwambia kuchora vyura si kazi, na kwamba akirudi hapa arudi na kazi inayoeleweka. Nilisema, sikukosea, na ningesema tena. Yeye aliitikia kwa adabu, akapanga nguo zake, akaondoka. Tangu hapo akinipigia ni shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, haya Mama. Idi mbili zimepita hajalala nyumbani. Mimi sikuwa na haja na katuni yake wala na televisheni. Nilichotaka ni kitu kimoja: mwanangu aingie mlango huu, akae pale anapokaa, ale. Basi. Na leo alikuwa mjini, karibu kiasi kwamba wali ungefika wa moto, na aliyealikwa ni bibi yake.

Wali nilikuwa nimeupika tangu alfajiri. Wa nazi, na mwatiko wa kukaanga, kwenye hotipoti. Sikuwa nimepika kwa ajili ya mtu yeyote hasa.

Mabwawa yangu yako nyuma ya nyumba, pale mikoko inapoanza. Maji ya bahari yanaingia yenyewe yanapojaa, kwa mfereji, kupitia lango la mbao ninalolipandisha na kulishusha kwa mkono. Saa ile yalikuwa yanaingia polepole, yakija na povu na majani ya mkoko. Nilipiga magoti ukingoni, nikakunja mkono wa gauni, nikatia kiwiko majini.

Kipimajoto nilichokuja nacho kutoka chuoni kilivunjika zamani. Viganja vyangu navyo havisikii tena. Chumvi na kamba vimeviua, hata kijiko cha moto nakishika. Lakini ngozi ya kiwiko bado inajua. Ndivyo nilivyopima maji ya kumwogesha Ibrahimu alipokuwa mchanga, na sikuona sababu ya kutafuta njia nyingine. Maji yalikuwa ya moto kidogo juu, baridi chini. Nikamwaga pumba. Mwatiko wakapanda, midomo yao ikatoboa uso wa maji kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu.

Mama haji bwawani. Anasema linanuka, na kwamba tope halina heshima. Lakini sauti ya simu yake inakuja. Ana ile sehemu kwenye simu, ameiangalia mpaka betri inalalamika, na huwa anaifungua sauti hadi mwisho. Nilisikia makofi ya vyura. Nikajua chelezo kinaondoka.

Nikakaa kwenye kibanda changu cha makuti, nikaegemeza kichwa kwenye nguzo. Silali mchana. Mtu mwenye mabwawa halali mchana. Nilifumba macho tu kwa ajili ya mwanga, kwa sababu saa sita hiyo maji na mbingu vilikuwa rangi moja, nyeupe kama maziwa, na ule mstari unaovitenganisha ulikuwa umefutika.

Nilikuwa nimeiangalia sehemu hiyo mara moja, kwa hasira, nusu ya kwanza nikitazama na nusu ya pili nikisema. Bi Gulugulu akishaondoka, Kidimbwi kinatulia. Wanyama wanalala hadi wachoke kulala. Hakuna anayeulizwa kitu. Halafu mambo yanakuwa ya ajabu. Mawingu yanashuka, yanakaa juu ya maji kama mashuka yaliyoanikwa. Vyura wanasahau kama wamekula au hawajala. Kaa anasahau nyumba yake ni ipi. Na yule kiluwiluwi mdogo anaanza kufifia. Anapauka kidogo kidogo, kama nguo ya rangi mbaya iliyofuliwa mara nyingi, mpaka unaona mawe kupitia tumbo lake. Hapigi kelele. Anaelea tu, mwembamba kama karatasi, katikati ya maji meupe. Nilisema huu ni upuuzi. Mtu mwenye njaa hahitaji kuulizwa ndipo ajue ana njaa. Lakini usiku ule niliamka mara kwa mara, na kila nilipoamka nilimwona yule kiluwiluwi.

Sasa, kibandani, makofi yalikuwa yamekwisha na simu ilikuwa imenyamaza, sehemu ile ya kimya. Upepo ulikufa. Povu kwenye mfereji likasimama lilipokuwa. Nikaona mwatiko wangu wakitoka majini mmoja mmoja, bila kurusha hata tone, wakielea hewani usawa wa macho yangu, wakipumua taratibu. Sikushangaa. Niliwaza tu kwamba itabidi nitafute wavu mrefu zaidi.

Juu ya lango la maji alikuwa amekaa bata mzinga. Amejifunga leso ya mama yangu.

"Lango umelifunga?" akaniuliza. "Pumba umemwaga? Wewe mwenyewe umekula?"

"Bado," nikasema.

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshaniuliza mengine mawili. Akainuka, akachechemea hadi ukingoni, akapiga magoti, akakunja bawa lake kama mtu anayekunja mkono wa gauni, akatia kiwiko majini. Alikaa hivyo kwa muda, kichwa kimeinama upande, akisikiliza maji.

"Ya moto juu," akasema. "Tusubiri kidogo. Mtoto asiungue."

Nikataka kumwuliza mtoto gani. Mdomo haukufunguka. Mwatiko wakaanza kuteremka taratibu, kama majani, na yule wa kwanza alipogusa maji, nikaamka.

Upepo ulikuwa umerudi. Shingo inaniuma kwa ile nguzo. Barazani simu ilikuwa inalia tena tangu mwanzo, wimbo wa Kidimbwi.

Nikabaki nimekaa, nikijiuliza swali moja. Kile kiwiko nimekiota, au nilikiona kwenye katuni?

Bata mzinga hana kiwiko. Nimewachinja, nimewakatakata, nawajua. Ana kiungo cha bawa, kinachokunjika nyuma, hakifiki kwenye maji hata apige magoti namna gani. Mtu anayechora ndege hamwekei kiwiko ila awe na sababu.

Nikaenda barazani kwa haraka, miguu ina tope.

"Nipe simu."

"Umeanza kuipenda?" mama akasema.

"Mama, nipe simu. Rudisha mwanzo, pale anapoamka."

Akarudisha, kwa kidole chake kirefu, akinung'unika kwamba nimemkatizia utamu. Bi Gulugulu akaamka. Akajifunga leso. Akabana pini. Akatoka nje akichechemea, akafika kidimbwini, na kabla hajanawa uso akapiga magoti, akakunja bawa, na bawa hilo likawa na kiwiko, kiwiko kabisa, cha duara, chenye mikunjo. Akakitia majini. Akainamisha kichwa. Halafu akanawa.

Ilikuwa ni mara moja tu, fupi, huku jina la katuni linapita. Watoto wote wa pwani wameitazama na hakuna aliyejali.

"Mama," nikasema. "Wewe umewahi kutia kiwiko majini?"

"Kiwiko? Kwa nini? Nina kata ya kuchotea maji."

"Na haya maswali. Umekula, umelala, mbona umekonda. Wewe ndiye unayeuliza hivyo?"

Tambuu ikahama shavu moja kwenda jingine.

"Mimi siulizi watu," akasema taratibu. "Mimi nawasimulia."

"Basi."

"Mguu ni wangu lakini."

"Mguu ni wako. Leso yako, pini yako, tambuu yako. Yaliyobaki?"

Akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso, akamtazama yule ndege. Bi Gulugulu alikuwa ameingia nyumba ya kaa, anafunua masufuria. Umekula? Hili sufuria mbona kavu? Umekunywa maji? Mama alitazama kwa muda mrefu, na nikaona uso wake unavyobadilika, kama wa mtu aliyevaa nguo ya Idi akaambiwa si yake.

"Huyu mtoto mshenzi," akasema hatimaye. "Ameniazima nguo tu! Amekuvalisha wewe nguo zangu, na mimi wiki nzima nimekuwa nawapungia watu!"

Nilikuwa nimekaa chini, kwenye sakafu, na tope langu.

Kwanza nilikasirika, na nilikuwa na haki. Wale vyura walimsukuma kwa vijiti. Walipiga makofi. Mjusi alisema, tutapumua sasa. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti huko Dar, akayaandika maneno hayo, akayachora, akayarudia mpaka yakachekesha, na mtu huyo nilimwogesha mimi. Kumtania mama yako hadharani, mbele ya nchi nzima! Hata kama umemfunika leso ya bibi. Alijua kabisa anachofanya. Alijua kwamba watu wetu wakiona mguu ule watasema ni bibi, ni utani, hakuna neno, na hakuna atakayetazama zaidi, kwa sababu haiingii akilini kwamba mtoto angemtoa mama yake hivyo. Hata mimi haikuniingia.

Halafu nikasikia simu imefika kwenye kimya. Mama hakuwa ameizima. Nikainuka nikasimama nyuma yake, na safari hii sikusema chochote.

Mawingu yalikuwa yanakaa juu ya maji. Kiluwiluwi alikuwa anapauka. Aliyechora yale maji meupe yasiyo na mstari alikuwa amekaa kwenye kibanda changu saa sita mchana, akiwa mdogo, anapaswa kunisaidia kumwaga pumba na hanisaidii, anakodoa macho tu. Nilikuwa nikimfokea. Sikujua alikuwa anafanya nini. Sasa nilikuwa nakitazama alichokuwa anafanya.

Kutoka mbali sana, nje ya picha, mahali pasipoonekana, sauti ya puani ikauliza, "Umekula?"

Kiluwiluwi akageuka. "Bado," akasema, kwa kisauti chembamba.

Na rangi ikaanza kumrudia, kutoka mkiani.

"Ndiyo maana," mama akasema, macho kwenye kioo. "Kila akinipigia ananiuliza wewe umekula. Kila siku hilo hilo. Nikamwambia, kwani hujui habari nyingine? Nilidhani ananitania."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mtoto wako anauliza umekula? Si habari hiyo."

Sikujua nimtandike au nimpikie. Kupika nilikuwa nimeshapika.

Nikaenda bwawani, nikashusha lango, nikalikaza kwa kabari. Nikarudi, nikanawa miguu, nikachukua hotipoti. Gauni lilikuwa na pumba na mkono mmoja umelowa hadi juu. Nikaliacha hivyo hivyo, maana kubadilisha nguo ni kujipa nafasi ya kufikiri. Nikampigia Abdillah wa bajaji.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Ona, nawe umeanza kuuliza. Inuka."

"Si ulisema hunipeleki?"

"Sikupeleki. Naenda. Wewe unanisindikiza."

Aliinuka kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akafunga ile leso nyekundu. Njia nzima alimlalamikia Abdillah, akamweleza kwamba yeye ndiye Bi Gulugulu halisi lakini kuna watu wanataka kumnyang'anya. Abdillah akasema, "Bibi, mimi nakutambua," na mama akatulia kidogo. Nilishika hotipoti mapajani. Ilikuwa bado ya moto. Minazi ilipita pande zote mbili, mirefu, kila mmoja umesimama peke yake kwenye mwanga ule mweupe, na nilikuwa kama sijaamka vizuri. Niliona bajaji yetu ni chelezo, na kwamba mtu fulani huko nyuma, tulikotoka, alikuwa ametusukuma kwa kijiti, na sasa tulikuwa tunarudi.

Ukumbi ulikuwa umezibwa madirisha kwa mablanketi. Tuliingia kutoka kwenye jua na sikuona kitu. Nilisikia tu pumzi za watoto, wengi mno, wamekaa sakafuni wamebanana. Kisha kitambaa kikajitokeza mbele, kikubwa kama tanga, na juu yake yale mawingu. Tulikuwa tumefika kwenye kimya. Hakuna mtoto aliyesogea. Mwanga wa kile kidimbwi uliwaangukia usoni, wakawa weupe wote, kama nao wanafifia.

Mama alinishika mkono. "Yule pale," akanong'ona.

Alikuwa amesimama ubavuni, kando ya meza yenye mashine. Mrefu. Amekonda, shati linamning'inia mabegani kama limetundikwa ukutani. Hakuwa anatazama kitambaa. Alikuwa anatazama watoto, mikono ameifumbata, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Niliwaza kungoja iishe, tusalimiane nje kwa utaratibu, shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Kwenye kitambaa kiluwiluwi alikuwa amebaki mstari tu, na macho.

Sikungoja.

"Umekula?" nikauliza.

Sikupiga kelele. Niliuliza kama ninavyouliza, kutoka mlangoni, kwa sauti yangu ya puani, ya kufika nyuma ya nyumba. Na ukumbi mzima ukageuka. Watoto wakalipuka. "Bi Gulugulu! Bi Gulugulu amekuja! Ni yeye!" Walisimama, walipanda mabegani mwa wenzao wanione. Hawakuutazama mguu wa mama, wala leso yake. Waliijua sauti.

"Bi Gulugulu ni mimi!" mama akapaza sauti nyuma yangu. "Wallahi nawaambia ni mimi! Tazameni mguu!"

Ibrahimu alikuwa ameganda. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mashine, na nadhani aligusa kitu, kwa sababu picha ilisimama, na yule kiluwiluwi akabaki pale juu, ananingojea na yeye.

"Umekula?" nikamwuliza tena. "Mbona umekonda hivyo? Hilo shati nani amekufulia?"

"Bado, Mama," akasema.

Nikaanza kutembea. Watoto wakanipasulia njia, wakigusa gauni langu, wakijipaka pumba. Nilipita mbele ya taa ya mashine, na kivuli changu kikapanda juu ya kitambaa, kikubwa, chenye kishungi na hotipoti, kikayafunika maji yote meupe. Nikaiweka hotipoti mezani katikati ya nyaya zake. Nikafungua kifuniko, mvuke ukatoka. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti.

"Kula," nikasema.